Kabaw au Kaladan: ukitaka kuanza na bonde moja, uanze na lipi?

Wanaotaka kujua habari za askari wa Kiafrika waliopelekwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia hufika kwenye njia panda ileile. Upande mmoja kuna Bonde la Kabaw, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka kuanzia Agosti 1944. Upande mwingine kuna Bonde la Kaladan, ambako Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi iliingia mara mbili kati ya mwisho wa 1943 na Januari 1945. Kwenye karatasi kazi ilikuwa moja: ingieni kwenye nchi ya mito na misitu, wafagieni Wajapani, mshuke mpaka kwenye maji makubwa. Ukitazama ramani harakaharaka utadhani ni vita moja iliyopiganwa mara mbili. Sivyo hata kidogo, na ukianza na lisilokufaa utapoteza muda mwingi, hasa kama una insha ya kuwasilisha, kipindi cha redio cha kuandaa, au medali ya babu ambayo hakuna nyumbani anayeweza kuieleza.

Ninavyoona mimi, ufunguo uko kwenye mto wenyewe. Kule Kabaw, mto Chindwin ulikuwa mahali pa kufika: divisheni ilitembea miezi minne ili iufikie, iuvuke, na ifungue mlango kwa wengine. Kule Kaladan, mto ulikuwa ndiyo njia. Askari walishuka nao, wakapandisha nao waliporudi nyuma, wakashuka nao tena mwaka huohuo. Mengine karibu yote, chakula, majeruhi, namna adui alivyopigana, hata namna tunavyokumbuka leo, yanatokana na tofauti hiyo.

Kabaw: adui anakimbia, matope yanabaki

Machi hadi Julai 1944 Wajapani walijaribu kuingia India kupitia Imphal na Kohima. Walishindwa vibaya sana. Jeshi lao la 15 lilipoanza kurudi nyuma kuelekea Chindwin, lilikuwa limechoka, lina njaa na limejaa wagonjwa. Hapo ndipo Divisheni ya 11 ilipoitwa. Ilikuwa imeundwa mwaka 1943, ikafanya mazoezi Ceylon (Sri Lanka ya leo), na kamanda wake alikuwa Meja Jenerali Charles Fowkes. Beji yao ilikuwa kichwa cha kifaru. Agosti walipokea zamu Tamu, mji mdogo mpakani, ambako maiti za Wajapani zilikuwa bado zimelala majumbani na barabarani.

Kutoka Tamu hadi Kalewa, pale mto Myittha unapoingia Chindwin, ni takriban kilomita 150. Kwa gari leo ni safari ya siku moja. Wao iliwachukua hadi tarehe 2 Desemba 1944, na sababu kubwa haikuwa risasi. Ilikuwa masika ya kule, mvua ya pepo za monsuni, na lilikuwa bonde ambalo wakimbizi wa mwaka 1942 walikuwa tayari wamelipa jina la Bonde la Mauti kwa ajili ya malaria. Barabara haikuwa barabara. Magogo yalikatwa na kulazwa kwa kukingama, moja kando ya jingine, gari likapita, magogo yakazama, yakakatwa mengine. Tembo wa kampuni za mbao walitumika kuburuta magogo na kusaidia kujenga madaraja. Lori lilipokwama kabisa, chakula na risasi vilidondoshwa kwa ndege za Dakota, na mzigo ulioangukia msituni ulifuatwa kwa miguu.

Kuhusu malaria kuna jambo ambalo msomaji wa kwetu anastahili kulijua. Sehemu ya sababu ya kuwapeleka watu wa Afrika Mashariki kwenye bonde lile ilikuwa dhana ya wakubwa kwamba Mwafrika ana kinga ya malaria kuliko wengine. Ni dhana ya mtu aliyeitazama Afrika kama mahali pamoja. Kijana aliyekulia baridi ya Nyeri, ambako mbu ni wa kutafuta, hakuwa na kinga ya kujivunia mbele ya mwenzake kutoka Manchester. Kilichowasaidia zaidi ni vidonge vya manjano vya mepakrini, vilivyomezwa kila siku mbele ya mkubwa ili asiwepo wa kuvitema. Na hata hivyo kulikuwa na homa ya taifasi ya vichakani, inayoletwa na utitiri wa kwenye nyasi, ambayo mepakrini haikuwa na habari nayo.

Wajapani wenyewe? Walipigana vita vya walinzi wa nyuma. Kikosi kidogo kinabaki kwenye kilima kinachotazama njia, kinajichimbia na kujifunika kwa magogo, kinasubiri. Mbele ya safu ya Waafrika wanaanguka wawili watatu, kila mtu analala chini, mizinga inaitwa, ubavu unazungukwa kwa saa nyingi, na wakifika juu wanakuta wengine wamekufa na waliobaki wameshaondoka kwenda kilima kinachofuata. Yakaja hivyo siku baada ya siku. Brigedi moja ilikuwa imekwenda mashariki mapema na kufika Sittaung, ukingoni mwa Chindwin, mwanzoni mwa Septemba. Nguvu kubwa iliendelea kusini hadi Kalemyo, ambako katikati ya Novemba ilikutana na Divisheni ya 5 ya India iliyotokea Tiddim. Kutoka hapo njia ya Kalewa inapita kwenye korongo la Myittha, na korongo ni mahali ambapo watu wachache wanaweza kuwazuia wengi. Ndiyo sehemu ya kampeni nzima ninayoshauri usiipite harakaharaka.

Na baadaye lilikuja daraja. Wahandisi walilijenga Desemba kwa vyuma vya Bailey, yaani vipande vya daraja vya kuunganishwa, vilivyowekwa juu ya maboya, urefu wa futi 1,154, yaani kama mita 350. Wakati ule lilikuwa daraja refu kuliko yote ya aina yake duniani. Divisheni nyingine zikapita juu yake kuelekea Mandalay, iliyoanguka Machi 1945. Divisheni ya 11 ikarudishwa India kupumzika. Hapo kuna uchungu kidogo: waliofungua mlango hawakuwa wale waliopigwa picha sebuleni.

Kaladan: mbali na kila kitu

Sasa hamia magharibi, Arakan, karibu na mpaka wa Bangladesh ya leo. Mpango mkubwa ulikuwa wa Kikosi cha Jeshi cha XV, kilichoshuka upande wa pwani. Divisheni ya 81, chini ya Meja Jenerali Christopher Woolner, ilipewa kazi ya ubavu: ishuke Bonde la Kaladan, iwashughulishe Wajapani, itishie njia zao. Brigedi yake ya tatu, ya Wanaijeria, ilinyang'anywa ikapelekwa kwa Chindit, makomando waliopigana nyuma ya mistari ya Wajapani, kwa hiyo Woolner alikwenda na brigedi mbili tu: moja ya Gold Coast (Ghana), nyingine mchanganyiko wa Nigeria, Sierra Leone na Gambia.

Bonde lenyewe halikuwa na njia ya kuingilia. Askari walichonga njia ya magari ya jeep, maili 75, yaani kilomita 120 hivi, kutoka Chiringa kuvuka milima hadi Daletme, kwa majembe, sururu na baruti. Wakaiita Njia ya Afrika Magharibi. Baada ya kushuka upande wa pili, njia hiyo haikutosha kuwalisha, na kuanzia hapo divisheni ililishwa kutoka angani. Haikuwa kwa dharura ya wiki moja. Ilikuwa kwa miezi, na ilikuwa divisheni ya kwanza kuendeshwa hivyo kwa muda mrefu. Kila kilichodondoshwa kilibebwa na watu. Nyuma ya kila brigedi walikuwapo wachukuzi walioandikishwa kama askari, wakitembea na mizigo kichwani: masanduku ya risasi, mizinga midogo iliyofunguliwa vipandevipande, machela. Mtu anayejua kwamba jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Walishuka vizuri mwanzoni. Februari 1944 wakauchukua Kyauktaw. Kisha mambo yakageuka. Wajapani, tofauti na wale wa Kabaw, walikuwa na nguvu, walilijua eneo, na kamanda wao, Kanali Koba, alijua hasa pa kupiga. Juu ya Kyauktaw kuna kilima chenye hekalu la Kibudha, na anayekishika anaitazama mito yote chini yake. Mwanzoni mwa Machi kilima hicho, ambacho Waingereza waliita Pagoda Hill, kilipotea. Divisheni nzima ikalazimika kurudi nyuma, na mpaka masika yanaingia ilikuwa imetoka bondeni.

Hapa kuna jambo ambalo wasimulizi wengi wa kwetu hulisahau: askari wa upelelezi wa Afrika Mashariki walikuwa chini ya Divisheni ya 81 katika kampeni hiyo ya kwanza, na walikuwamo kwenye mapigano ya kuzunguka Kyauktaw. Kwa hiyo kusema Kaladan ni "vita ya Wahausa na Waashanti" si kweli. Kiswahili kilisikika kule pia, Kiswahili cha Keya (yaani KAR, King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki), kile cha amri fupifupi ambacho wakubwa wa Kizungu walikijifunza kambini na Wanyasa, Waganda na Wakamba wakakifanya chao.

Septemba 1944, chini ya kamanda mpya, Meja Jenerali Frederick Loftus-Tottenham, wakarudi. Safari hii walikwepa kunaswa kwenye sakafu ya bonde. Walipanda vilimani, wakawazunguka Wajapani, wakawalazimisha kuondoka kituo kimoja baada ya kingine. Januari 1945, wakishirikiana na Divisheni ya 82 ya Afrika Magharibi, waliuteka Myohaung, mji mkuu wa kale wa wafalme wa Arakan.

Mmoja aliyebaki

Kama ningeruhusiwa kumwonyesha msomaji mtu mmoja tu wa vita hii, ningemwonyesha Isaac Fadoyebo. Kijana wa Nigeria aliyejiandikisha akiwa na miaka 16, akapelekwa kitengo cha tiba. Machi 1944 kundi lao lilikuwa likishuka mto Kaladan juu ya vyelezo vya mianzi iliyofungwa pamoja, vikielea na mkondo. Wakalala ukingoni. Alfajiri Wajapani waliwafyatulia risasi kutoka vichakani. Fadoyebo alivunjwa mfupa wa paja na kupigwa risasi tumboni. Wenzake wakafa mmoja mmoja mpaka wakabaki wawili: yeye na David Kargbo wa Sierra Leone. Jeshi lao lilikuwa limeshaondoka bondeni, maana ndizo siku za kurudi nyuma.

Wanakijiji Waislamu wa eneo hilo, watu ambao leo tungewaita Warohingya, waliwaletea wali. Baadaye mkulima mmoja akawachukua nyumbani kwake na kuwaficha, akijua Wajapani wakigundua familia nzima itachinjwa. Waliishi hivyo hadi Desemba 1944, divisheni iliporudi. Miezi tisa.

Kisa cha namna hiyo kisingeweza kutokea Kabaw, na ndiyo maana nakileta kwenye ulinganisho. Kule Kabaw mstari ulikwenda mbele tu. Aliyejeruhiwa Jumatatu alijua wenzake wako mbele yake na barabara, hata kama ni ya matope, iko nyuma yake. Kule Kaladan mstari ulikuja ukaondoka, na aliyebaki kando ya mto alibaki kweli.

Basi uchague lipi

Kwa mwenye medali ya babu, jibu ni rahisi na halina mjadala: kama alitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (Malawi) au Rhodesia ya Kaskazini (Zambia), anza na Kabaw. Lakini thibitisha kwanza. Medali ya Burma Star, ile ya utepe wenye mstari mpana mwekundu katikati na bluu nzito pembeni, kwa kawaida haina jina la mtu wala la kikosi, kwa hiyo peke yake haikuambii alipigana wapi. Tafuta cheti cha kuachishwa jeshi au namba ya batalioni. Katika Divisheni ya 11, batalioni za KAR za Tanganyika zilikuwa ya 26 na ya 36. Za Uganda ya 4, ya 34 na ya 44. Za Nyasaland ya 2 na ya 22. Ya Kenya ilikuwa ya 11. Warhodesia walikuwa na kikosi chao wenyewe, Northern Rhodesia Regiment. Ukiona batalioni ya 7 au ya 46, simama: hao walikuwa Brigedi ya 28, iliyokwenda Bonde la Gangaw mwanzoni mwa 1945 kuwahadaa Wajapani wafikiri shambulio kubwa linapita kwao. Kabaw haitakusaidia sana. Ukiona Brigedi ya 22, nenda Arakan, maana ilipigana kule mwaka 1945 karibu na Waafrika Magharibi.

Na kama babu hakurudi kabisa, usiharakishe kumtafuta Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya askari Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldives, ikazama ndani ya dakika chache. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa wakienda kujiunga na Divisheni ya 11. Majina ya wengi yamechongwa kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road. Tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inakuwezesha kutafuta jina bure.

Kwa mwanafunzi, mimi ningependekeza Kaladan, na najua mwalimu wako huenda atapinga. Kabaw ni hadithi safi: wanaingia, wanashuka, wanafika, daraja. Insha yake inajiandika yenyewe na haikupi la kubishania. Kaladan inakulazimisha kuuliza maswali. Kampeni ya kwanza ilishindwa au ilifaulu? Walifukuzwa bondeni, ni kweli, lakini wakati huohuo walikuwa wamewashughulisha Wajapani ambao vinginevyo wangekwenda kupigana pwani. Je, ndege zinaweza kuchukua nafasi ya barabara? Kwa nini kilima kimoja kiamue hatima ya divisheni nzima? Kwa nini mara ya pili walipita juu? Ukijibu hayo umejifunza vita. Ukisimulia Kabaw vizuri umejifunza kusimulia, jambo jema pia, lakini si lilelile.

Kwa mtengenezaji wa vipindi, mizani inalala upande mwingine kidogo. Kaladan ina mtu, yaani Fadoyebo, na ina beji ya kuvutia: buibui Ananse wa hadithi za Waashanti, aliyeshonwa kichwa kikitazama chini ili askari akinyanyua bunduki kulenga, buibui naye aonekane anasonga mbele. Kabaw haina mtu mmoja anayejulikana kwa kiasi hicho. Ina Waruhiu Itote, aliyepigana Burma na KAR na baadaye akawa Jenerali China wa Mau Mau, lakini ukimleta kipindi kitavutwa kuelekea Mlima Kenya na Kabaw itakuwa utangulizi tu. Kuna pia Idi Amin, ambaye aliwahi kujidai kuwa mkongwe wa Burma. Aliingia KAR mwaka 1946, vita imeisha, kwa hiyo mwache nje. Kabaw inataka sauti nyingi: matope, vidonge, korongo, daraja. Kama una bajeti ndogo na mhusika mmoja, chukua Kaladan. Kama una kumbukumbu za familia tatu nne kutoka Machakos, Songea na Zomba, Kabaw itakulipa zaidi.

Anayetaka kwenda kuona kwa macho, kwa sasa sina pa kumpeleka kwa amani. Tangu mapinduzi ya Februari 2021 mapigano yamefika Sagaing, ambako Kalewa iko, na Rakhine, ambako Kaladan inamalizikia. Makaburi ya Taukkyan, kaskazini ya Yangon, na yale ya Imphal upande wa India, ndiyo yenye majina ya Waafrika, lakini hata Manipur imekuwa na vurugu tangu 2023. Uliza hali kabla hujakata tiketi.

Jambo la mwisho ni la ramani, maana linawakwamisha wengi siku ya kwanza. Majina yaliyomo kwenye kumbukumbu za vita za Waingereza, ambazo zimehifadhiwa Kew, London, katika fungu la WO 172, si yale yaliyo kwenye simu yako. Myohaung tafuta kwa jina la Mrauk U. Akyab ni Sittwe. Kalemyo huandikwa pia Kalay. Kalewa na Tamu hazijabadilika, na Paletwa ipo vilevile. Pagoda Hill hutaiona kwa jina hilo. Tafuta Kyauktaw kwanza, halafu angalia kilima kilicho karibu na mto.